Hela Iliyokosea Namba: Wajibu wa Kurudisha Malipo ya Kimakosa

Fedha iliyopokelewa kimakosa ni ile iliyomfikia mtu ambaye mwenye nayo hakukusudia kumpa, au iliyomfikia aliyestahili lakini ikazidi kiasi alichostahili. Si zawadi, kwa sababu zawadi huanzia kwenye nia ya mtoaji. Si mkopo, kwa sababu hakuna makubaliano. Wala si wizi, walau katika dakika ile ya kwanza, kwa sababu aliyepokea hakunyoosha mkono. Ugumu wake umo humo: mtu asiye na kosa lolote anajikuta amebebeshwa wajibu ambao hakuuomba, na kosa lililouleta ni la mwingine.

Majimoto, mji mdogo wa Halmashauri ya Mpimbwe katika Bonde la Rukwa, mkoani Katavi, umepata jina kutokana na chemchemi zake za maji ya moto, lakini unaishi kwa mpunga. Mavuno yakishaingia, wanunuzi hushuka bondeni, magunia hupangwa kwenye mashine za kukoboa, na hela nyingi hubadilisha mikono ndani ya wiki chache. Zamani mnunuzi alibeba noti kwenye begi na kupita nazo katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, begi limekuwa simu. Hatari ya kuporwa njiani imepungua, na mahali pake pameingia hatari ndogo na ya kila siku, ya kidole kuteleza kwenye tarakimu moja.

Makosa yenyewe huja kwa sura nne. Ya kwanza ni chenji iliyozidi: mteja ananunua bidhaa ya shilingi 3,000, anatoa noti ya 5,000, muuzaji anadhani ni ya 10,000 na kumrudishia 7,000 badala ya 2,000. Ya pili ni malipo yaliyorudiwa: mnunuzi amelipa taslimu asubuhi, na karani wake, asiyejua, akalipa tena jioni kwa simu. Ya tatu ni malipo yanayoendelea kwa asiyestahili tena, kama mshahara unaoingia baada ya mtumishi kuacha kazi. Ya nne, inayozungumzwa zaidi, ni muamala uliokwenda kwa mtu mwingine kabisa. Tuseme mkulima ameuza magunia 10 kwa shilingi 85,000 kila moja. Mnunuzi anatuma 850,000, lakini tarakimu ya mwisho ya namba ameiandika 6 badala ya 9. Mama lishe aliyekuwa anaosha sufuria anasikia simu ikilia, anajifuta mikono kwenye kanga, na kusoma kwamba amepokea laki nane na nusu kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Mkulima bado anasubiri. Mnunuzi anaamini ameshalipa.

Msimamo wa sheria

Sheria ya Tanzania haina kigugumizi juu ya jambo hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872, inasema katika kifungu cha 72 kwamba aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa makosa lazima akirudishe. Wajibu huo hauhitaji mkataba kati ya pande mbili. Mama lishe na mnunuzi hawajawahi kuonana, lakini sheria inawatazama kana kwamba mmoja anamdai mwenzake.

Fikra hiyo ni ya kale. Wanasheria wa Roma walikuwa na dai maalumu la kurudishiwa kilicholipwa bila kudaiwa, na msingi wake ulikuwa kwamba si haki mtu atajirike kwa hasara ya mwenzake. Mwaka 1841 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Kelly na Solari, iliamua juu ya kampuni ya bima iliyomlipa mjane huku maofisa wake wamesahau kwamba bima ya marehemu ilikuwa imekwisha nguvu kwa kutolipiwa ada. Mahakama ilikubali kwamba uzembe peke yake haumnyimi mlipaji haki ya kurudishiwa fedha aliyolipa kwa kukosea ukweli wa mambo. Kwa hiyo anayesema "kosa ni lake, angekuwa makini" amesema kweli kuhusu kosa, lakini hajasema lolote kuhusu mwenye mali.

Upo pia upande wa jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 258, haiuoni wizi katika kuchukua tu. Kugeuza mali ya mwingine kuwa yako kwa hila nako kunahesabika. Kwa aliyeokota kitu, kifungu hicho kinatoa nafuu endapo hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Nafuu hiyo inaweza kumfaa aliyeokota noti mnadani. Kwa muamala wa simu ni vigumu kuitegemea: ujumbe wenyewe unataja jina la mtumaji, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, zile zisizosajiliwa hivyo zikiwa zimeanza kuzimwa Januari 2020. Hela iliyokosea namba huja na anwani ya nyumbani kwake.

Mafundisho ya dini

Biblia ina kisa kinachokaribiana sana na maisha ya bonde la mpunga, kwa kuwa nacho kinahusu fedha na magunia ya nafaka. Katika Mwanzo 42, wana wa Yakobo walikwenda Misri kununua chakula wakati wa njaa. Njiani kurudi mmoja alifungua gunia amlishe punda wake, akakuta fedha yake ileile kwenye mdomo wa gunia. Walipofika nyumbani wote wakakuta hivyo hivyo. Yakobo hakuwaambia washukuru. Katika sura ya 43, njaa ilipowarudisha Misri, aliwaagiza wachukue fedha maradufu na kuirudisha ile ya kwanza, kwa kuwa huenda yalikuwa makosa. Walipofika, wakamweleza msimamizi wa nyumba ya Yusufu mlangoni, kabla hawajaulizwa. Msimamizi akawatuliza: malipo yao aliyapokea, na hazina ile wamepewa na Mungu wao.

Mpangilio wa kisa hicho ndio fundisho lake. Fedha ile kweli ilikuwa zawadi. Yusufu mwenyewe ndiye aliyeamuru iwekwe. Ila ndugu hao hawakujitangazia zawadi. Walikwenda na fedha mkononi, na neno la kwamba wamepewa likatoka upande wa aliyekuwa na mamlaka ya kulisema. Waliotangulia kusema "tumejaliwa" wakiwa bado njiani wangekuwa wamejipa wenyewe.

Torati inaendeleza mwelekeo huo kwa amri. Kumbukumbu la Torati 22 inamkataza mtu kujifanya hamwoni ng'ombe wa nduguye aliyepotea, na inamtaka amtunze hadi mwenyewe amtafute; Kutoka 23 inalihusisha agizo hilo hata na mnyama wa adui. Kwa wafugaji wa Bonde la Rukwa, ambako ng'ombe aliyeingia kundi la mwingine ni jambo la kawaida, agizo hilo halihitaji mfasiri. Walawi 6 inamtaja anayeokota kilichopotea kisha akakana, na kumtaka arudishe pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano. Nyongeza hiyo ni malipo ya kukana. Kuokota hakukuwa na faini.

Mtakatifu Augustino, katika mahubiri yake, alisimulia habari za maskini mmoja wa mji wa Milano aliyeokota mfuko wenye sarafu kama 200 za dhahabu, akabandika tangazo hadharani. Mwenyewe alipojitokeza na kutaja alama za mfuko, alirudishiwa. Kwa shukrani akatoa sarafu 20, maskini akakataa. Akatoa 10, akakataa. Akatoa 5, akakataa. Mwenye mfuko akautupa chini akisema basi, naye hakupoteza kitu. Hapo maskini akakubali kilichotolewa, na siku hiyohiyo akakigawa kwa fukara. Hapa tena fedha ilikuwa zawadi kwa kinywa cha mwenyewe, baada ya kufichuliwa.

Katika Uislamu jambo hili huangukia kati ya milango miwili ya fikihi, amana na kiokotwa. Qurani 4:58 inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Kuhusu kiokotwa, hadithi iliyopokelewa na Zayd bin Khalid al-Juhani inaeleza kwamba Mtume aliagiza aliyeokota akitambue chombo cha kitu hicho na kamba iliyokifunga, kisha atangaze mwaka mzima. Agizo la kuijua kamba lina hekima ya pekee: alama ambayo mwenyewe tu anaijua ndiyo itakayomtenganisha na mwongo atakayekuja akilia.

Hadithi nyingine, iliyomo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Abu Hurayra, inasimulia juu ya mtu aliyenunua ardhi akakuta mtungi wa dhahabu. Alimrudishia muuzaji, akisema amenunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, kwamba ameuza ardhi na vilivyomo. Walipokwenda kwa mwamuzi, aliwauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana, mwingine msichana. Akawaamuru wawaozeshe, na dhahabu itumike kwao na kwa sadaka. Kesi hiyo iliweza kwisha kwa harusi kwa sababu dhahabu ilikuwa imewekwa mbele ya macho ya wote wawili.

Hoja za kubaki nayo

Anayetaka kubaki na hela hiyo hakosi maneno. Mengine ni ya kejeli, mengine yana uzito na yanastahili kupimwa.

Hoja ya kwanza ni ya riziki. "Mungu si Athumani," husema mtu aliyeangukiwa na bahati: binadamu hubana, Mungu hutoa. Msemo huo ni mzuri kwa mvua iliyonyesha kwa wakati. Kwa hela ya mnunuzi una kasoro, kwa kuwa kilichomfikia mama lishe ndicho kilichomtoka mkulima, na mkulima naye huenda alikuwa akiomba riziki kwa Mungu huyohuyo. Riziki isiyomtoka mtu mwingine haihitaji kufichwa. Inayohitaji kuzimiwa simu inajitilia shaka yenyewe.

Hoja ya pili ni ya hali: aliyepokea ni maskini, aliyetuma ni tajiri. Dini zote mbili zinampa maskini haki katika mali ya tajiri, kwa zaka na kwa sadaka. Lakini haki hiyo ina njia zake, na kosa la kidole si mojawapo. Isitoshe, katika muamala uliokosea namba anayeumia mara nyingi si tajiri. Mnunuzi atasema ameshatuma na ana ujumbe wa kuthibitisha. Mkulima atasema hajapokea. Na katika mvutano huo mwenye nguvu ndogo ndiye atakayesubiri muda mrefu.

Hoja ya tatu ni ya kisasi, na ndiyo yenye mashiko zaidi kwa wakulima. Mnunuzi amekuwa akijaza lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likabeba zaidi ya kipimo, na kulipa bei ya gunia la kawaida. Lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo, lakini haijaisha. Je, siku mnunuzi huyo akizidisha malipo, mkulima hajarudishiwa chake? Ukweli mmoja umo ndani ya hoja hii: lumbesa ni dhuluma, na mkulima anadai. Pengo ni kwamba kiasi kilichozidi kwa bahati hakina uhusiano na kiasi kilichodhulumiwa, na hakuna aliyekipima. Anayejilipa kwa siri amekuwa mdai, shahidi na hakimu kwa pamoja. Anayesema wazi, "Umezidisha elfu tisini, na hii hapa, sasa tuzungumze vilemba vya magunia," amefungua dai lake akiwa hana doa.

Hoja ya nne inafanana na hiyo lakini ni safi zaidi: aliyepokea alikuwa akimdai kweli aliyetuma, na kwa kiasi hichohicho. Swali hili limefika hadi mahakama za New York. Agosti 2020 benki ya Citibank, iliyotakiwa kulipa riba tu kwa niaba ya kampuni ya vipodozi ya Revlon, ilituma kwa makosa karibu dola milioni 900 kwa waliokuwa wakiidai kampuni hiyo. Baadhi walirudisha, wengine walishikilia takribani milioni 500, wakisema wamelipwa deni lao. Februari 2021 jaji aliwapa haki. Septemba 2022 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo: deni lilikuwepo, lakini siku yake ya kulipwa ilikuwa haijafika. Hata kwa mdai wa kweli, basi, kosa la mwenzake halikutosha kulileta deni kabla ya wakati wake.

Nyuma ya hoja zote lipo swali aliloliweka Immanuel Kant mwaka 1788. Alimfikiria mtu aliyeachiwa amana, na mwenyewe akafa bila kuacha maandishi. Je, inaweza kuwa kanuni ya watu wote kwamba amana isiyo na ushahidi inaweza kukanwa? Kant alijibu kwamba kanuni hiyo ingejiua yenyewe, maana hakuna ambaye angeweka amana tena. Bondeni matokeo yake yanaonekana bila falsafa. Ikijulikana kwamba hela ikikosea namba Majimoto hairudi, mnunuzi atarudi kwenye begi la noti, na gharama ya hofu yake ataikata kwenye bei ya gunia. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Mambo yanayotatiza

Kukubali wajibu hakumalizi kazi. La kwanza ni kwamba wanaoomba kurudishiwa si wote wenye haki. Utapeli uliozoeleka Tanzania na Kenya hutumia uaminifu kama ndoano: unaingia ujumbe ulioigizwa kwamba umepokea kiasi fulani, kisha inapigwa simu ya mtu mwenye sauti ya kilio, akisema alikuwa anatuma hela ya hospitali. Aliyeshtuka anatuma hela yake mwenyewe. Mwingine anarudisha kwa hiari ilhali mtumaji ameshaomba kampuni irudishe muamala, na hela ikatoka mara mbili.

Kinga yake ni ile kamba ya mfuko. Wajibu ni kumrudishia mwenye mali, na anayepiga simu si lazima awe ndiye. Salio huangaliwa kwanza kwenye menyu ya mtandao, maana ujumbe huweza kughushiwa. Kisha huulizwa alama: kiasi kamili, saa ya kutuma, namba iliyotumika, jina lililosajiliwa. Njia iliyo salama zaidi ni kuliacha jambo kwenye huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, ambayo inaweza kukizuia kiasi hicho kikiwa bado kwenye salio na kukirudisha kilikotoka. Namba za matapeli huripotiwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Anayekataa kutuma kwa namba mpya aliyotajiwa, akasisitiza hela irudi kwenye namba ilikotoka, hajafanya ukaidi, ameitunza amana.

La pili ni makato. Haki haimtaki mpokeaji atoe mfukoni mwake ili kusahihisha kosa la mwingine. Gharama ya kutuma inaweza kukatwa kwenye kiasi kinachorudi, kwa kuambiana. Zawadi ya shukrani nayo yafaa kupokelewa ikitolewa kwa hiari. Ikiwekwa kuwa sharti la kurudisha, imekuwa fidia ya utekaji.

La tatu ni hela iliyokwisha kutumika. Aliyeitumia akijua si yake anadaiwa yote. Aliyeitumia kwa nia njema, kama mtumishi aliyedhani ni nyongeza ya mshahara, yuko katika hali nyingine. Mahakama za Uingereza, tangu uamuzi wa mwaka 1991 katika shauri la Lipkin Gorman, zimekubali kumpunguzia mzigo mpokeaji mwaminifu ambaye hali yake imebadilika kwa sababu ya malipo hayo. Qurani 2:280 inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate wepesi, na kusamehe kukatajwa kuwa bora zaidi. Kurudisha kidogo kidogo, kwa makubaliano, ni kurudisha.

La nne ni faida. Tuseme mpokeaji alikaa na laki nane na nusu msimu mzima, akanunua mpunga wakati wa bei ya chini na kuuza wakati wa bei ya juu. Hadithi ya watu watatu waliozibiwa pangoni inagusa hapo. Mmoja wao alikuwa na kibarua aliyeondoka bila ujira wake, ambao katika mojawapo ya mapokezi ya Bukhari ulikuwa kipimo cha mpunga. Tajiri wake aliupanda, akaupanda tena, hadi ukazaa ng'ombe na mchungaji wao. Kibarua aliporudi kudai kipimo chake akaambiwa achukue kundi lote. Kisa kinaeleza kilele cha wema, na hakimtozi kila mtu kiasi hicho. Kinachobaki kwa wote ni kiini: mtaji wa mwingine hausahauliki kwa kuwa umezaa.

La mwisho ni mwenyewe asiyepatikana: laini imezimwa, kampuni imeshindwa kumfikia, mwaka umepita. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba baada ya kutafuta kwa bidii, mali ya asiyejulikana hutolewa kwa maskini kwa manufaa ya mwenyewe. Hadithi ya kiokotwa inamruhusu aliyekitangaza mwaka mzima akitumie, kwa sharti kwamba mwenyewe akija siku yoyote atalipwa. Njia hizo mbili zinatofautiana mahali fedha inapokwenda, lakini zote zinamtunzia mwenyewe nafasi yake. Kwa mama lishe wa Majimoto maana yake ni kazi ndogo: kuandika kwenye daftari la madeni ya chakula, chini ya majina ya wateja, tarehe, kiasi, na jina lililokuja na ujumbe, na kuuacha mstari huo bila kukatwa.